Dozi ya Asikloviri kwa Mkanda wa Jeshi: Hesabu Vidonge Kabla ya Kuondoka Dukani

Katika somo hili tunaeleza matumizi sahihi ya vidonge vya asikloviri, dawa inayotibu maradhi yatokanayo na jamii ya virusi vya hepesi. Kwenye pakiti utakuta jina limeandikwa Aciclovir au Acyclovir. Ni dawa ileile moja. Maradhi ya jamii hii ni kadhaa, lakini tumechagua kuzungumzia hasa mkanda wa jeshi, kwa sababu ndiyo maradhi ambayo dozi yake hukosewa kwa urahisi, na kosa lenyewe humgharimu mgonjwa fedha, usingizi na pengine jicho.

Baada ya kusoma somo hili, ndugu mtumiaji, tunatarajia utaweza kufanya mambo matatu: kutambua kuwa dozi ya asikloviri hutofautiana kulingana na maradhi, kuhesabu idadi ya vidonge unavyopaswa kupewa, na kujua ni wakati gani vidonge havitoshi, bali hospitali inahitajika mara moja.

Mkanda wa jeshi hutokana na nini

Virusi vinavyoleta mkanda wa jeshi ni vilevile vinavyoleta tetekuwanga. Mtu akishapona tetekuwanga, kwa kawaida utotoni, virusi hivyo havitoki mwilini. Hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, kando ya uti wa mgongo na kichwani, vikatulia humo kwa miaka mingi. Kinga ya mwili inapopungua kwa sababu ya umri, maradhi au dawa zinazodhoofisha kinga, virusi huamka na kuufuata mshipa hadi kwenye ngozi.

Ndiyo maana maumivu hutangulia. Mgonjwa huhisi kuungua, kuchomwachomwa au kuwashwa katika sehemu moja ya mwili kwa siku kadhaa, kisha hutokea wekundu na malengelenge yaliyojipanga kama ukanda upande mmoja wa kifua, mgongo, kiuno, shingo au uso. Kwa watu wengi malengelenge hukauka ndani ya siku 7 hadi 10, na ngozi hupona ndani ya wiki 2 hadi 4. Hata hivyo, kwa baadhi ya watu, hasa wazee, maumivu hubaki kwa miezi kadhaa baada ya ngozi kupona, kwa kuwa mshipa wenyewe umejeruhiwa.

Wapo wanaoamini kuwa mkanda ukizunguka mwili na ncha zake zikakutana, mgonjwa hufa. Imani hiyo haina ukweli. Kila mshipa wa fahamu unaohusika huhudumia upande mmoja wa mwili, na ndiyo sababu malengelenge huishia katikati. Lililo kweli ni kwamba malengelenge yakitapakaa sehemu nyingi za mwili, hiyo ni dalili ya kinga iliyodhoofika, na mgonjwa anapaswa kufika hospitali bila kuchelewa.

Dawa hufanyaje kazi

Asikloviri ilibuniwa katika maabara za kampuni ya Wellcome miaka ya 1970. Gertrude Elion, mwanasayansi wa Marekani aliyeongoza kundi lililochunguza utendaji wake, alikuwa miongoni mwa watu watatu walioshiriki Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 1988. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba dawa hii huingia mwilini ikiwa imelala. Huamshwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, na ikishaamka huzuia kirusi kisijinakili. Chembe za mwili zisizo na virusi huiamsha kwa kiasi kidogo sana, na kwa hiyo huathirika kidogo.

Kutokana na maelezo hayo tunapata mafunzo matatu ya kufuata.

Fundisho la kwanza ni kuwahi. Dawa huzuia virusi vinavyoendelea kuzaliana. Haifukuzi vilivyojificha, wala haiponyi mshipa uliokwisha kujeruhiwa. Kwa hiyo inapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, yaani siku 3, tangu malengelenge yaonekane. Ikianzwa mapema, hufupisha muda wa malengelenge na kupunguza ukali wa maumivu. Ukichelewa usikate tamaa ukabaki nyumbani: tabibu anaweza bado kukuandikia dawa ikiwa malengelenge mapya yanaendelea kutoka, ikiwa uso au jicho limeguswa, au ikiwa kinga yako ni dhaifu.

Fundisho la pili ni kugawa dozi katika siku. Ukimeza kidonge, sehemu ndogo tu ya dawa, takriban asilimia 10 hadi 20, ndiyo inayoingia kwenye damu. Na kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya hiyo iliyoingia hutoka katika muda wa saa 3 hivi. Mtu akimeza vidonge vyote vya siku kwa mara moja, saa chache baadaye virusi hubaki bila kizuizi.

Fundisho la tatu ni wingi wa dozi. Virusi vya tetekuwanga na mkanda wa jeshi ni vigumu zaidi kuzuiwa na asikloviri kuliko virusi vya malengelenge ya mdomoni. Kwa sababu hiyo, dozi inayomtosha mwenye malengelenge ya mdomoni haimtoshi mwenye mkanda wa jeshi.

Dawa moja, dozi mbalimbali

Dozi zifuatazo ni zile za kawaida kwa mtu ambaye figo zake ni nzima. Tumeziorodhesha ili uweze kulinganisha na ulichoandikiwa, si ili ujiandikie mwenyewe.

1. Mkanda wa jeshi kwa mtu mzima: miligramu 800, mara 5 kwa siku, kwa siku 7.

2. Malengelenge ya mdomoni kwa mtu mzima, pale tabibu anapoona dawa inahitajika: miligramu 200, mara 5 kwa siku, kwa siku 5.

3. Malengelenge ya sehemu za siri yanapotokea kwa mara ya kwanza: miligramu 400, mara 3 kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Yanaporudi: miligramu 400, mara 3 kwa siku, kwa siku 5.

4. Kuzuia malengelenge ya sehemu za siri yanayorudi mara kwa mara: miligramu 400, mara 2 kwa siku, kwa muda atakaoupanga tabibu.

5. Tetekuwanga kwa mtoto aliyezidi miaka 2, pale tabibu anapoamua kumpa dawa: miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake, mara 4 kwa siku, kwa siku 5. Dozi moja haipaswi kuzidi miligramu 800.

Linganisha safu ya kwanza na ya pili. Mwenye mkanda wa jeshi anahitaji miligramu 4,000 kwa siku. Mwenye malengelenge ya mdomoni anahitaji miligramu 1,000. Ni tofauti ya mara nne, ilhali jina la dawa ni lilelile, na huenda hata rangi ya pakiti ni ileile.

Ipo pia dawa ndugu iitwayo valasikloviri, ambayo mwilini hugeuka kuwa asikloviri na huingia kwenye damu kwa wingi zaidi. Dozi yake ya kawaida kwa mkanda wa jeshi ni miligramu 1,000 mara 3 kwa siku, kwa siku 7. Usihamishe hesabu ya dawa moja kuipeleka kwa nyingine.

Hesabu ya vidonge

Tuseme mama mmoja wa miaka 58, muuza samaki, amepatwa na mkanda wa jeshi ubavuni. Jirani yake aliwahi kutibiwa malengelenge ya mdomoni kwa asikloviri akapona. Mama huyu anamtuma kijana wake dukani akanunue "ile dawa ya jirani". Kijana anarudi na vidonge 25 vya miligramu 200, pamoja na maelezo: kidonge kimoja mara tano kwa siku, kwa siku tano.

Kwa jirani, hesabu hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Kwa mama huyu, tuikokotoe upya. Dozi moja ya miligramu 800 ni vidonge 4 vya miligramu 200. Mara 5 kwa siku ni vidonge 20. Kwa siku 7 ni vidonge 140. Vidonge 25 alivyoletewa vingemtosha siku moja na robo tu. Akivimeza kidogo kidogo kwa siku tano, atakuwa ametumia fedha, atakuwa amepoteza zile siku tatu za mwanzo, na hatakuwa amepata tiba. Baadaye atasema dawa ile haifai, kumbe dawa haikupewa nafasi ya kufanya kazi.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka dukani soma nguvu ya kidonge kwenye pakiti, kisha hesabu:

Vidonge vya miligramu 200: 4 kwa kila dozi, jumla 140.
Vidonge vya miligramu 400: 2 kwa kila dozi, jumla 70.
Vidonge vya miligramu 800: 1 kwa kila dozi, jumla 35.

Jumla hizo tatu ni sawa kwa uzito wa dawa, lakini si lazima ziwe sawa kwa bei. Muulize mtoa dawa gharama ya dozi nzima kwa kila nguvu ya kidonge aliyonayo, si bei ya kidonge kimoja. Kama fedha hazitoshi, usinunue nusu ya dozi kimyakimya. Mweleze tabibu au mfamasia mapema, akushauri utaratibu uliopo katika kituo chako. Hakikisha pia pakiti haijafunguliwa, tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita, na umepewa risiti.

Mafuta ya asikloviri ya kupaka si mbadala wa vidonge. Yametengenezwa kwa ajili ya malengelenge ya mdomoni na hayafiki kwenye mshipa wa fahamu ambako mkanda wa jeshi huanzia. Vivyo hivyo viuavijasumu kama amoksilini: hivyo hupambana na bakteria, si virusi, na vitahitajika tu ikiwa vidonda vimeingiwa na bakteria. Kupaka majivu, dawa ya meno au majani yaliyopondwa huunguza ngozi na kukaribisha uchafu. Osha sehemu hiyo kwa maji safi na sabuni, ikaushe taratibu, kisha ifunike kwa kitambaa chepesi kilicho safi.

Ratiba ya siku

Mara tano kwa siku haimaanishi kuamka usiku wa manane. Gawa saa za kuwa macho, ukiacha saa 4 kati ya dozi na dozi. Ratiba hii huwafaa wengi: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Iandike kwenye karatasi na uweke alama kila unapomeza, au weka kengele kwenye simu.

Unaweza kumeza dawa kabla au baada ya kula. Lililo muhimu ni kunywa maji ya kutosha siku nzima, kwa kuwa dawa hii hutoka kwa njia ya mkojo, na maji yakipungua mwilini inaweza kuganda na kuumiza figo.

Ukisahau dozi, meza mara ukumbukapo. Ikiwa saa ya dozi inayofuata imekaribia, iache iliyopita na uendelee na ratiba. Usimeze dozi mbili kwa pamoja. Na usiache dawa kwa sababu malengelenge yameanza kukauka. Maliza siku zote 7. Ukibakiwa na vidonge, usimpe mtu mwingine.

Nani asifuate orodha yetu

Mtu mwenye ugonjwa wa figo asitumie dozi ya kawaida. Figo zikidhoofika, dawa hukaa mwilini muda mrefu na kujilimbikiza. Katika hali hiyo tabibu hupanua nafasi kati ya dozi: badala ya mara 5, mgonjwa anaweza kupewa miligramu 800 kila baada ya saa 8, na figo zikiwa dhaifu zaidi, kila baada ya saa 12. Uamuzi huo hutegemea kipimo cha damu. Wazee na wenye kisukari au shinikizo la damu la siku nyingi wanaweza kuwa na udhaifu wa figo wasioujua. Tunawashauri waombe kupimwa.

Mweleze tabibu dawa zote unazotumia. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuzibebesha figo mzigo wa ziada. Tenofoviri, iliyomo katika dawa nyingi za kufubaza VVU, nayo hutoka kwa njia ya figo. Usiiache, bali mjulishe tabibu ili akufuatilie. Kwa maumivu ya kawaida anza na parasitamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maumivu yakizidi, au yakibaki baada ya ngozi kupona, rudi kituoni, kwa maana zipo dawa nyingine zinazotuliza mishipa ya fahamu. Mjamzito na anayenyonyesha waseme hali zao kabla ya kuandikiwa.

Wengi huivumilia asikloviri vizuri. Baadhi hupata kichefuchefu, kuharisha, kuumwa kichwa au uchovu. Lakini mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, kupungukiwa sana na mkojo, au kuvimba uso na kupumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja pamoja na pakiti ya dawa. Kituo kijulishwe madhara hayo ili yaripotiwe.

Wakati vidonge havitoshi

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona mojawapo ya haya: malengelenge kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua, au jicho kuwa jekundu na kuuma, malengelenge sikioni pamoja na uso kupinda, homa kali pamoja na kuumwa sana kichwa, shingo kukaza au kuchanganyikiwa, malengelenge kutapakaa mwilini, au malengelenge kwa mtoto mchanga. Baadhi ya hali hizi huhitaji asikloviri ya kuingizwa kwenye mshipa wa damu, ambayo haitolewi nyumbani. Jicho haswa halisubiri: kovu likishatokea kwenye kioo cha jicho, vidonge havilifuti.

Kuhusu hofu ya kupimwa

Tunajua kwamba wapo wanaochelewa si kwa kukosa nauli, bali kwa kuogopa kusemwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 watabibu wa Afrika Mashariki waliona kuwa vijana wengi wenye mkanda wa jeshi walikuwa pia na VVU, na tangu hapo maradhi haya yamebeba sifa hiyo. Ukweli ni kwamba mkanda wa jeshi humpata yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga, na huongezeka kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 50 wasio na VVU kabisa. Kupima VVU ni jambo la busara, hasa kwa kijana, kwa kuwa majibu husaidia kupanga tiba. Hata hivyo, kipimo kisitangulie dozi ya kwanza. Anza dawa uliyoandikiwa, kisha pima.

Mgonjwa hana haja ya kutengwa. Majimaji ya malengelenge yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Basi yafunikwe, mikono ioshwe, na mgonjwa asiwakaribie wajawazito ambao hawajawahi kuugua, watoto wachanga na wenye kinga dhaifu hadi yakauke.

Maswali ya kujipima

Swali la 1. Umeandikiwa dozi ya mkanda wa jeshi na duka lina vidonge vya miligramu 400. Umeze vingapi kila mara, na upewe vingapi kwa jumla? Jibu: vidonge 2 kila mara, jumla 70.

Swali la 2. Umesahau dozi ya saa 8 mchana, ukaikumbuka saa 9. Ufanye nini? Jibu: meza mara moja, kisha endelea na dozi ya saa 12 jioni. Ungeikumbuka saa 11 na nusu, ungeiacha na kusubiri saa 12.

Swali la 3. Siku ya nne malengelenge yamekauka, na ndugu yako ana malengelenge mdomoni. Je, umgawie vidonge vilivyobaki? Jibu: hapana. Dozi yako haijaisha, na yake ni tofauti.

Swali la 4. Bibi yako anahudhuria kliniki ya figo. Je, umnunulie vidonge 35 vya miligramu 800 kwa kufuata orodha yetu? Jibu: hapana. Mpeleke kwa tabibu leo, ndani ya zile saa 72, apangiwe dozi inayolingana na figo zake.

Ukisahau mengine yote, kumbuka maswali matatu ya kumuuliza mtoa dawa: "Dozi hii ni ya maradhi gani? Nimeze miligramu ngapi, mara ngapi, kwa siku ngapi? Vidonge ulivyonipa vinatosha siku hizo?" Mtoa dawa mwema hatachukia kuulizwa. Kama majibu yake hayalingani na cheti chako, rudi kwa tabibu kabla ya kulipa.